Tunu na Miguu ya Chatu

Ukifika soko la Kasulu ukamuulizia Tunu binti Gharibu, utazungushwa mpaka viatu vilalamike. Muulizie Mama Safina wa makongoro, ile supu ya miguu ya ng'ombe, hapo hata mbuzi wa sokoni atakuelekeza kwa pembe. Banda lake liko nyuma ya wauza dagaa: mabati machache, meza mbili ndefu, benchi zilizolainishwa na makalio ya watu wa kila dini. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, harufu ya ndimu, tangawizi na pilipili manga hutoka pale ikawafuata watu mpaka stendi, ikawakamata mkono, ikawarudisha.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili wakati wa mambo haya. Alizaliwa Ujiji, kwa baba fundi cherehani ambaye babu yake alitoka pwani ya Pangani na kusahau kurudi. Kasulu aliletwa na ndoa. Mumewe, Mudathiri, muuza vipuri vya baiskeli, ni mtu mpole wa redio na kahawa, ambaye neno lake kubwa maishani ni "taratibu." Tunu hana taratibu. Kicheko chake kikishika moto hakina breki. Humshika tumboni, kikampandisha mabega, mwisho humlazimu ashike kitu asianguke, na mara nyingi kitu hicho huwa ni mteja.

Shule aliishia darasa la saba. Somo alilolipenda lilikuwa sayansi, kwa sababu mwalimu wao aliwahi kuwapasulia chura juu ya meza, na wakati wasichana wenzake wanafunika macho, Tunu aliingiza pua karibu hadi ikalowa. Jina lake halikutokea kwenye orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Akaolewa, akazaa wanne, akafungua banda la supu. Kwa miaka ishirini na minne amepokea miguu ya ng'ombe kutoka kwa Hilali mwenye bucha, akaibabua manyoya kwenye moto, akaikwangua kwa kisu mpaka ikawa myeupe, akaipasua kwa shoka, akaichemsha mpaka mishipa ikawa laini kama jeli. Mtu akifanya jambo moja miaka yote hiyo, hudhani amekwisha kuliona lote.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa pili, mteja mmoja alimaliza supu yake, akatazama kulia, akatazama kushoto, akafunga mifupa kwenye gazeti na kuitia mfukoni.

Tunu alimwona. "Mwalimu!" aliita, na banda zima likageuka. "Una mbwa?"

Alikuwa Mwalimu Reverien Niyubahwe, kijana mwembamba wa biolojia katika shule ya sekondari iliyo juu ya kilima. Wazazi wake walizaliwa kambini, babu na bibi yake walivuka kutoka Burundi kwa miguu, na yeye ana uraia, shahada na shati moja zuri. Sasa shati hilo lilikuwa likivuja mchuzi mfukoni.

"Sina mbwa, Mama," alisema kwa aibu. "Nina kidato cha nne."

Kicheko kilichofuata kilimwaga vikombe viwili. Tunu alipopata pumzi akamketisha tena, akamwongezea supu bila kuulizwa, akataka kuelezwa. Mwalimu akaeleza. Wiki inayokuja anaanza mada ya mageuko, yaani jinsi viumbe vilivyobadilika polepole, kizazi baada ya kizazi, kwa mamilioni ya miaka, mpaka kutoka kwa mababu wachache wakapatikana wote hawa tunaowaona. Wanafunzi huikariri mada hiyo kama majina ya mito ya Ulaya. Kitabu kina picha moja ya mifupa, imefifia, na kitabu chenyewe ni kimoja kwa wanafunzi tisa. Alitaka washike kitu kwa mikono.

"Unataka mguu mzima?" aliuliza Tunu.

"Wa mbele. Kuanzia begani. Usipasuliwe."

"Mbona ulikuwa unaiba vipande tu? Hukujua kuomba?"

Jumamosi mchana, soko likiwa limelegea, mguu mzima ulikuwa mezani, umechemshwa, umekwanguliwa, mweupe kama sahani ya harusi. Mwalimu Reverien alikuja na mfuko. Ndani mlikuwa na bawa la kuku lililokwisha kusafishwa, na popo mkavu aliyekutwa amekufa kwenye dari la kanisa lao. Akavipanga kwa mstari. Hilali akaja na aproni yake ya damu kuona nini kinafanyiwa ng'ombe wake.

"Mama, nyosha mkono," alisema mwalimu. "Jiguse mwenyewe. Begani mpaka kwenye kiwiko, mifupa mingapi?"

Tunu akajibonyeza. "Mmoja."

"Kiwiko mpaka kifundo?"

Akajizungusha mkono, akausikia mmoja ukimpanda mwenziwe. "Miwili."

"Halafu vijiwe vidogo vidogo vya kifundo, halafu kiganja, halafu vidole. Sasa mtazame kuku."

Tunu alilitazama bawa. Alikuwa ametafuna mabawa tangu ana meno. Mmoja. Miwili. Vijiwe. Na kule kwenye ncha, ambako watu hutupa kwa sababu hakuna nyama, vidole vitatu vilivyogandana. Akamtazama popo: mmoja, miwili, vijiwe, halafu vidole virefu, vyembamba kama njiti za mwavuli, na ngozi imetandazwa juu yake. Popo alikuwa anaruka kwa viganja!

"Na ng'ombe?" alisema Hilali. "Ng'ombe hana vidole, Mwalimu. Ana kwato."

Mwalimu akafungua mdomo, lakini Tunu akainua mkono kumzuia. "Ngoja. Huyu niachie mimi."

Akapita kwa kidole chake kutoka juu. Mmoja. Kisha miwili, ingawa ile miwili imeshikana kama mume na mke wenye baridi. Kisha vijiwe, ambavyo amewahi kuvipata mara elfu ndani ya mabakuli ya watu. Kisha ule mfupa mrefu ulionyooka, mfupa wa makongoro wenyewe, mfupa wa maisha yake.

"Hapa ndipo pangekuwa na kiganja," alisema taratibu. "Lakini mfupa ni mmoja tu."

Kisha akachukua shoka.

Aliupasua mfupa huo kwa pigo moja, kama anavyopasua kila siku, akachungulia ndani. Pale katikati ya uboho kulikuwa na ukuta mwembamba wa mfupa, umesimama wima, ukigawa tundu mara mbili. Kwa miaka ishirini na minne ukuta ule ulikuwa kero kwake. Ulizuia wateja kunyonya uboho kwa mkupuo mmoja, akalazimika kuwapa vijiti. Hajawahi kujiuliza unafanya nini pale. Nani hujenga chumba kimoja akaweka ukuta katikati?

Akageuza mfupa. Mbele yake kulikuwa na mfereji mdogo, umeshuka kutoka juu hadi chini kama mshono wa cherehani ya baba yake. Chini mfupa uligawanyika vichwa viwili, na kila kichwa kilishika kidole chake, na kila kidole kilivaa ukwato wake. Na nyuma, juu kidogo, vile vikwato viwili vidogo visivyogusa ardhi, ambavyo yeye huving'oa kwa kisu na kutupa.

Mwalimu Reverien alimwona anahesabu kimya kimya. Alimwacha ahesabu; katika hilo alikuwa mwalimu mzuri kweli.

"Ilikuwa miwili!" Tunu alipiga kelele, na muuza dagaa wa banda la mbele akaangusha kisado chake cha kupimia. "Ilikuwa mifupa miwili ikaungana! Na hivi vya nyuma navyo ni vidole! Huyu alikuwa na vidole vinne! Hilali, ng'ombe wako anatembea kwa kucha!"

"Tena ukimtoa ndama tumboni akiwa bado mchanga kabisa," alisema mwalimu, naye sasa ameanza kucheka, "mifupa hiyo unaikuta imeachana, miwili. Huungana baadaye. Na kwenye mawe ya zamani wamechimbua wanyama jamaa zake, ambao yao haikuwahi kuungana hata wakiwa wakubwa."

Hilali alishachinja ng'ombe wenye mimba kwa bahati mbaya, na vindama alivitazama. Alikumbuka. "Miwili," alikiri. "Ni kweli. Nilidhani haijaiva."

"Kwa hiyo hili," Tunu alisema akishika ile sehemu ya mguu wa mbele ambayo dunia nzima inaiita goti, "hili si goti. Vijiwe viko hapa. Hiki ni kifundo cha mkono!"

Kuanzia hapo hakushikika. Alitoka na mguu ule begani akaupitisha soko zima. Aliwaambia wauza nyanya kwamba goti la mbele la ng'ombe si goti. Aliwaambia waendesha bodaboda. Alimwambia ng'ombe mwenyewe, mmoja aliyekuwa anapelekwa mnadani, akimwinamia na kusema, "Pole, mwenzangu, umesingiziwa magoti miaka yote." Aliporudi nyumbani jioni, Mudathiri alikuwa amekwisha kusikia habari mara tatu, kila mara ikiwa ndefu zaidi.

"Mama Safina," alisema, akipunguza redio. "Taratibu. Huyo mwalimu anataka kusema sisi ni watoto wa sokwe?"

"Nimemuuliza hilo hilo. Kasema hapana. Sokwe wa huko Gombe si babu zetu, ni binamu. Sisi na wao tuna babu mmoja wa zamani, zamani ambayo hata ukihesabu vizazi utalala kabla hujafika. Na ng'ombe ni binamu wa mbali zaidi, na kuku wa mbali kuliko ng'ombe. Ndiyo maana mkono ni ule ule. Kila mmoja karithi, kaushona upya kwa kazi yake."

Mudathiri alifikiri mpaka kahawa ikapoa. Ni mtu wa swala tano, na hapendi kuharakishwa katika mambo ya Muumba. "Mimi nilifundishwa kwamba Mungu huumba apendavyo," alisema mwisho. "Sikufundishwa kwamba aliniahidi kuniambia alichukua muda gani. Lakini kwamba mimi na kuku ni ndugu, hilo bado halijapita kooni."

"Kuku anapita kooni kwako kila Ijumaa."

Hapo hata yeye alicheka.

Ijumaa iliyofuata walialikwa walima huko Murubona, na Tunu akamwaibisha mumewe. Wakati wanawake wengine wanachagua mapaja, yeye aliomba mabawa, akayala, akapanga mifupa kwenye ukingo wa sinia, mmoja, miwili, vijiwe, vidole, kisha akamshika bibi harusi mkono wenye hina na kumhesabia mifupa yake juu ya sinia hilo. Wanawake wakashika mikono yao. Mama mkwe wa bibi harusi akashika wake. Muda si muda ukumbi wa akina mama ulikuwa umejaa watu wanaojibonyezabonyeza na kupiga vigelegele, na wanaume upande wa pili wakatuma mtu kuuliza kuna nini.

Nyumbani alifukua sandukuni picha ya eksirei ya mkono wake, ya mwaka ule alipoteleza na sufuria. Akaibandika dirishani, jua likapita ndani yake. Mkono wake mwenyewe, mweupe, ukielea kwenye weusi. Alisimama mbele yake na mguu wa ng'ombe mkono wa kulia na popo wa mwalimu mkono wa kushoto, akitazama huku na huku, na machozi yakamtoka bila yeye kujua kama ni ya kucheka. Kitu alichonyimwa miaka arobaini kilikuwa kimekaa kwenye sufuria yake wakati wote.

Ubishi wa bandani ukawa mkubwa kuliko wa mpira. Kila asubuhi mtu alileta kiumbe. Chura? Anao: mmoja, miwili iliyoungana, vidole. Mbuzi? Kama ng'ombe. Mpaka siku Hilali alipoweka kikombe chini kwa kishindo.

"Na nyoka je? Mkono wake uko wapi, Mwalimu? Kaushona upya ukawa nini, mkanda?"

Watu walishangilia. Mwalimu Reverien alisubiri watulie.

"Mababu wa nyoka walikuwa na miguu," alisema. "Kuna mawe yaliyochimbuliwa yana nyoka wa kale wenye vimiguu kabisa. Nyoka wengi wa leo wameipoteza yote. Lakini chatu bado hajamaliza. Tafuta karibu na mkia, utakuta mabaki ya miguu ya nyuma."

"Umemwona?"

"Sijamwona kwa macho yangu. Nimesoma. Lakini nasema mapema, mbele yenu wote, ili nikikosea mnicheke."

Walimcheka papo hapo, bila kusubiri akosee. Aliyecheka zaidi alikuwa Maximilla, mkulima wa Kitahana, wilayani Kibondo, ambaye huja Kasulu na magunia ya maharage na hawezi kuondoka bila bakuli la Tunu. Alicheka mpaka kanga ikamfunguka.

Lakini ni Maximilla huyo huyo aliyepiga simu siku kumi baadaye, Jumapili asubuhi, akihema. "Mama Safina! Lori limemgonga chatu hapa kwetu barabarani! Mkubwa kama gogo! Watu wa maliasili wako njiani. Njoo na mwalimu wako umtafutie viatu!"

Tunu alifunika sufuria, akamwachia Mudathiri mwiko. "Baba Safina, mimi nakwenda Kibondo kuona miguu ya nyoka." Mudathiri alitazama mwiko, akatazama wateja, akasema "Taratibu," lakini mkewe alikwisha kukata kona. Alimkuta mwalimu anatoka kanisani na Biblia mkononi, akamkokota vile vile. Saady, dereva wa lori la mahindi na mteja wake wa tangu zamani, alikuwa anaelekea Kibondo, akawapandisha mbele. Njia nzima Tunu alipiga magoti yake kwa viganja kama mtu anayepiga ngoma, na Saady, ambaye hakuelewa safari ni ya nini, akajikuta anapiga honi kwenye kila kilima kwa furaha tu ya kuambukizwa.

Kitahana nzima ilikuwa barabarani. Katikati ya duara la watu alilala chatu, marefu yake hatua zaidi ya tano, mabaka yake ya kahawia yaking'aa juani kana kwamba amepakwa mafuta. Kijana wa maliasili, kalamu sikioni, alikuwa anaandika. Mwalimu alimwonyesha kitambulisho cha shule na kumweleza shida yao. Yule kijana alikuna kichwa.

"Mnatafuta nini?"

"Miguu," alisema Tunu.

Duara likalipuka. Wengine walikaa chini kwa kucheka. Tunu naye alicheka nao, akapita katikati, akakunja kanga, akapiga magoti kwenye lami ya moto. Mikono iliyokwangua makongoro miaka ishirini na minne haiogopi ngozi yoyote. Akamgeuza chatu tumbo juu, akashuka kwa vidole kutoka katikati kwenda mkiani, magamba yakiteleza kama sarafu zilizolowa. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Akafika pale tumbo linapoishia na mkia unapoanza.

Kidole chake kikakwama.

Akarudi nyuma kidogo. Kikakwama tena. Kulikuwa na kitu kigumu, chenye ncha, kama kucha ya jogoo, kimechomoza kati ya magamba. Akaupeleka mkono wa pili upande mwingine, mahali pale pale. Kilikuwepo cha pili.

"Viwili," alinong'ona. Kisha hakunong'ona tena. "Viwili! Kulia na kushoto! Mwalimu, anavyo viwili!"

Bibi mmoja wa Kiha aliyekuwa mstari wa mbele aliinama, akaona, akainuka na mikono kichwani. "Mana yanje! Inzoka ifise amaguru!" Mungu wangu, nyoka ana miguu! Neno likaruka duara zima, likaruka barabara, likaingia mashambani, na watu waliokuwa wamekimbia kumkwepa chatu sasa walikuwa wanasukumana kumshika. Mwalimu Reverien alikuwa amepiga magoti karibu na Tunu, Biblia kwapani, amegusa kile kikucha kwa ncha ya kidole. Alikuwa amefundisha jambo hilo miaka minne kutoka kitabuni.

Ila mwanamume mmoja mwenye jembe hakukubali. "Hizo kucha tu. Kucha si mguu."

"Kweli," mwalimu alisema, akijifuta jasho. "Lakini kucha haining'inii hewani. Kama ni mguu uliopungua, ndani ya nyama lazima tukute mfupa wa paja, na kipande cha nyonga. Kama hakuna, wewe umeshinda."

"Mtajuaje?"

Wote wakamtazama Tunu. "Hilo," alisema Mama Safina, "ni swali la kuchemsha."

Kijana wa maliasili, ambaye sasa naye alitaka kujua kuliko wote, aliandika barua ya ruhusa palepale: kipande cha mkia kwa ajili ya mafunzo ya shule. Wakarudi nacho Kasulu ndani ya mfuko wa sandarusi.

Tunu si mjinga. Hakumleta nyoka hata ndani ya hatua mia moja za banda lake. Alimchemshia shuleni, kwenye debe la shule, kwa kuni za shule, kidato cha nne wakiwa wamezunguka moto. Usiku walimwaga maji, wakachambua. Mbavu zilikuwa nyingi kama meno ya vitana. Na pale, kila upande, chini ya kile kikucha, walipata mfupa mwembamba usiozidi kidole kidogo, na juu yake mwingine uliopinda. Paja. Nyonga. Kelele waliyopiga wanafunzi iliwafanya majirani watoke wakidhani shule inaungua.

Tunu alilala usingizi wa furaha. Asubuhi akafungua banda, akapakua, akangoja. Hakuja mtu.

Saa moja, hakuna. Saa moja na nusu, hakuna. Watu walipita wakiangalia pembeni. Muuza dagaa ndiye aliyemhurumia. "Mama Safina, wanasema umechemsha nyoka kwenye supu. Mtu kauona mkia ukining'inia kwenye mfuko jana, unashuka nao kwenye lori."

Tunu alisimama na upawa mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mguu wa ng'ombe, kicheko kilimwacha. Mwanamke Mwislamu, supu ya halali ya miaka ishirini na minne, na leo hii anaitwa mpika nyoka. Mudathiri, aliyekuja na mkate, alimwona uso.

"Wamekosea," alisema Mudathiri. "Wasahihishe."

"Taratibu?"

Mumewe akatikisa kichwa. "Safari hii, hapana."

Tunu alipanda juu ya benchi. "Ndiyo!" alipiga kelele, na soko likaganda. "Nimemchemsha nyoka! Nimemchemsha shuleni, kwenye debe la shule, kijiko nilichokorogea nimekitupa chooni, na mikono nimeisugua kwa sabuni na mchanga mpaka imepungua! Supu hii haijamwona nyoka hata kwa picha! Lakini mimi nimeona miguu yake, na ninyi mnaopita mkiangalia pembeni hamjaiona! Nani anataka?"

Mwalimu Reverien alikuwa amekwisha kufika na sinia la mifupa kutoka shuleni. Alikuwa amesikia uvumi njiani, akakimbia. Wakaliweka kwenye kreti la soda, mbali na meza za chakula. Mtu wa kwanza kusogea alikuwa Hilali. Alichukua ule mfupa mwembamba, akauzungusha mbele ya jicho lake la bucha, akauchukua na ule uliopinda, akaiegemeza mmoja kwa mwingine mpaka ikakaa. Alirudia mara mbili. Ameachanisha mapaja na nyonga maisha yake yote.

"Hiki kinaingia hapa," alisema kwa sauti ya mtu aliyeshindwa na hajali. "Jamani. Hiki ni paja."

Baada ya hapo hakukuwa na banda, kulikuwa na gulio. Supu iliisha kabla ya saa tatu, na wengine walikunywa wamesimama wakihesabu vidole vya wenzao.

Mwezi wa tano Tunu aliitwa shuleni, safari hii kufundisha. Alivaa gauni la Iddi. Alisimama mbele ya wanafunzi themanini na makongoro yake, akawapitisha kwa ng'ombe, kuku, popo na chatu, na hakuna aliyekariri kitu kwa sababu wote walikuwa wameshika kitu. Mwishoni msichana mmoja wa nyuma, Akimana, akainua mkono.

"Mama, chatu kabaki na miguu. Sisi tumebaki na nini?"

Tunu alimtazama mwalimu. Mwalimu akamnong'oneza. Macho ya Tunu yakapanuka. Hili alikuwa halijui.

"Simameni wote!" alisema. "Wekeni mkono nyuma, chini, mwisho kabisa wa uti wa mgongo. Bonyezeni. Mnasikia kimfupa? Mwalimu anasema huo ndio mkia wa babu zetu, au mabaki yake!"

Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kubonyeza, na alipoupata akapiga ukelele uliotikisa madirisha. Mlango ukafunguliwa. Mkuu wa Shule, aliyekuwa anapita na mgeni kutoka wilayani, alikuta kidato cha nne kizima, mwalimu wao wa biolojia na muuza makongoro wa sokoni, kila mmoja amejishika makalio, wanacheka mpaka wanalia.

"Mnafanya nini?" aliuliza.

"Tunatafuta mkia, Mkuu," alisema Akimana.

Tunu, ambaye hakuwa na pumzi ya kueleza, aliona mkono wa yule mgeni wa wilayani, polepole, kwa heshima zote za ofisi, ukiteleza chini ya koti kwenda nyuma.

"Upo!" alisema mgeni.